Thamani na Samani

Kwa miaka yote niliyosimama mbele ya darasa, hapakuwa na kosa la matamshi lililoniudhi kuliko lile la kuigeuza th kuwa s na dh kuwa z. Mwanafunzi akisoma "samani ya elimu", nilimsimamisha na kumwuliza elimu hiyo ina makochi mangapi na kabati za aina gani. Darasa lilicheka, mwenyewe akainamisha kichwa, na kwa kawaida hakurudia tena. Nilipokuwa nikisahihisha imla, makosa ya namna hiyo niliyahesabu peke yake pembeni mwa karatasi: zana mahali pa dhana, sumni mahali pa thumni, razi mahali pa radhi. Tabia hiyo niliipata chuo cha ualimu, kwa mkufunzi wetu wa Kiswahili aliyependa kutuambia kwamba mwalimu wa lugha asiye na sikio ni sawa na mshonaji asiye na sindano. Nilistaafu nikiamini kwamba sindano yangu ningali nayo, na ncha yake haijawa butu.

Leo nina deni, na deni lenyewe nililikopa mbele ya watu. Kwa hiyo nimeona nililipe mbele ya watu.

Hapa Tanga tuna kikao cha washairi ambacho hukutana mara moja kila mwezi. Hatuna jengo letu. Tunaazima ukumbi ambao kwa siku nyingine hutumiwa kwa harusi, na spika za harusi ndizo tunazozitumia kwa mashairi. Miezi michache iliyopita alisimama binti mmoja, mwanachuo, akaghani beti saba za tarbia juu ya watu wanaosema sana na kutenda kidogo. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini imetulia, na mahadhi aliyachagua vizuri. Katika ubeti wa tatu mlikuwa na mshororo huu, ambao ninaunakili hapa kwa idhini yake:

Sauti bila thamani, ni debe lisilo kitu.

Hivyo ndivyo ulivyoandikwa. Mimi nilisikia "samani". Alipomaliza, niliombwa kutoa maoni kama ilivyo desturi kwa sisi wazee. Nilizisifu mizani zake, kumi na sita kila mshororo bila kilema, nikavisifu vina, kisha nikautoa mzaha wangu wa miaka thelathini. "Binti yangu," nikasema, "sauti isiyo na samani, sisi wasikilizaji tutaikalia wapi?" Ukumbi ukacheka. Yeye akasema, "Ahsante, Mwalimu," akakunja karatasi yake mara mbili na kukaa. Mwezi uliofuata hakuja. Mwezi wa pili pia hakuja. Nilidhani ni mitihani.

Sasa niingie kwenye simu. Mjukuu wangu alikuja kwetu wakati wa likizo, akanikuta barazani nimeiegemeza simu kwenye sikio, ninasikiliza rekodi za kikao ambazo katibu wetu hututumia. "Babu," akasema, "mbona sauti yako kavu kama redio ya bibi?" Kabla sijamjibu alikwisha kuichukua simu na kuniwekea programu mbili: moja ya kurekebisha ngazi za sauti, nyingine ya kuongeza besi tu. Akanivika hedifoni zake, akacheza taarabu ya zamani ninayoipenda, akasogeza kidole.

Sitakuwa mnafiki. Nilifurahi. Gitaa la besi, ambalo kwa miaka mingi nilikuwa nikilibahatisha tu kwa nyuma, lilitoka mbele kama mtu aliyekuwa jikoni akaamua kuja sebuleni. Ngoma zikapata tumbo. Nikamwambia mjukuu kwamba nimerudi ujanani, naye akacheka akaniambia kwamba hapo alikuwa amefika nusu tu.

Baadaye, alipokwenda kucheza mpira, nilibaki na programu ile nikaichunguza kwa utulivu, kama ninavyochunguza shairi la mtu nisiyemjua. Ilikuwa na vijiti vitano vya kusogeza juu na chini, na chini ya kila kijiti pana namba: 60, 230, 910, 3600 na 14,000. Hizo ni hezi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Sikio la kijana mzima husikia tangu mitetemo 20 hivi mpaka 20,000. Kijiti cha kwanza kinashika vishindo vya ngoma na besi. Cha pili kinashika kifua cha sauti ya mwanadamu. Cha tatu kinashika sehemu ya katikati, ambamo mna sehemu kubwa ya irabu. Cha nne kinashika ukali wa konsonanti. Na cha tano kinashika mng'ao wa juu kabisa, kama vile sauti ya matoazi. Ukipandisha kijiti, unaongeza nguvu ya eneo lake kwa kipimo cha desibeli, ukikishusha, unaipunguza. Simu zinazotumia Android zimekuwa na uwezo huu ndani yake tangu toleo la 2.3 la mwaka 2010. Programu hizi tunazopakua, mara nyingi, ni dirisha tu la kuufikia.

Palikuwa pia na orodha ya mipangilio iliyokwisha tengenezwa: Rock, Jazz, Classical, Dance, Hip Hop, Heavy Metal. Niliipekua yote. Hapakuwa na Taarabu, wala Kaswida, wala Hotuba, wala Shairi. Sikuwalaumu waliotengeneza. Kila mtu hupika kwa ajili ya wageni anaowategemea.

Nikaiacha besi pale alipoiweka mjukuu, nikafungua rekodi ya kikao. Jambo la ajabu likatokea. Washairi wote walionekana wameongezewa vifua. Kila mmoja alikuwa kama mzee wa mila anayenguruma kutoka pangoni. Lakini sikushika neno. Nilihesabu mizani kwa vidole, nikazipata zote. Nilisikia pumziko la katikati, nikasikia mshororo ulivyotua mwishoni. Wimbo wa shairi ulikuwapo mzima, shairi lenyewe halikuwapo.

Nilitafakari sana jambo hilo, kwa kuwa linahusu umbo la lugha yetu. Silabi ya Kiswahili, isipokuwa chache, huishia kwa irabu, na irabu ndiyo inayobeba nguvu ya sauti. Nguvu hiyo kwa sehemu kubwa imekaa chini na katikati, katika mamia ya mitetemo. Kwa hiyo mtu akikuondolea sauti za juu zote, bado utasikia mapigo ya silabi, yaani mizani. Konsonanti zinazokwaruza, s, sh, f, th, zina nguvu ndogo, na makazi yake ni juu. Herufi s hupiga mluzi katika maelfu ya mitetemo, kwa kawaida 4000 na zaidi. Sh hukaa chini kidogo ya hapo. F na th ni pumzi hafifu zilizotawanyika, zisizo na mluzi. Hata irabu zenyewe zinategemea juu ili zitambulikane: i na u hufanana kwa chini, hutofautiana kwa juu. Besi ikizidi, sehemu hii hafifu hufunikwa. Shairi linabaki na mifupa, linapotewa na uso.

Ndiyo maana simu za zamani zilitufanya tutaje majina ya watu ili tuandikiane herufi. Mkondo wa simu ya kawaida ulipitisha mitetemo tangu 300 hadi 3400 tu. Sauti ya mtu ilitambulikana vizuri, lakini s na f zilipotea njiani, nasi tukalazimika kupiga kelele: "S kama Salima! F kama Fatuma!" Tulidhani tunapambana na ukorofi wa waya, kumbe tulikuwa tukifundishwa fonetiki.

Na kwa nini basi besi ni tamu? Nalo lina sababu. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la mwanadamu halisikii ngazi zote kwa usawa, na kwamba sauti inapopunguzwa, besi ndiyo hupotea upesi zaidi. Muziki ukipigwa polepole huonekana mkavu, na anayeongeza besi anarudisha kitu ambacho sikio limekinyima. Tena spika ya simu ni ndogo mno kuweza kusukuma hewa ya kutosha kwa mitetemo ya chini. Ukiilazimisha, inatetemeka na kukwaruza, lakini besi haitoki. Hapo hakuna dawa isipokuwa hedifoni au spika kubwa. Vijana wana hoja yao, nami siidharau.

Siku mbili baadaye niliamua kufanya kinyume cha mjukuu. Nilikishusha kijiti cha 60 mpaka chini kabisa, kwa sababu hapo hapana neno la mwanadamu. Pana mingurumo ya pikipiki, upepo kwenye maikrofoni, na spika za harusi. Nikakishusha kidogo kile cha 230. Kile cha 910 nikakiacha. Kile cha 3600 nikakipandisha taratibu, kama mtu anayepandisha utambi wa taa. Rekodi iliyokuwa wazi wakati huo, kwa bahati au kwa makusudi ya Mwenyezi Mungu, ilikuwa ya yule binti.

Neno "sauti" lilitoka na s yenye mluzi kama birika linalokaribia kuchemka. Likafuata "bila". Kisha likaja lile neno, nami nikangojea mluzi wa pili. Haukuja. Palikuwa na pumzi laini tu, pumzi ya ulimi uliotokeza kidogo katikati ya meno, kisha "amani". Nilirudisha nyuma. Nikasikiliza tena. Nadhani niliurudia mshororo ule mara ishirini. Kila mara s ya "sauti" ilipiga mluzi, na kila mara neno la tatu halikupiga. Yeye mwenyewe alikuwa ameniwekea katika ukwapi mmoja mfano na kinyume cha mfano, kama mwalimu anayeandika ubaoni jozi ya maneno ili wanafunzi wasikie tofauti. Mwanafunzi alikuwa mimi.

Nilijitetea kwanza. Nikasema ni programu. Labda imelichonga neno likawa jingine. Lakini kifaa hiki hakina uwezo huo. Kinaweza kuongeza au kupunguza kilichomo. Hakiwezi kutia ambacho hakikurekodiwa. Hakuna kijiti kitakachogeuza s kuwa th kwa mtu huyu na kuiacha s ya neno la jirani yake. Nikasema basi ni spika za ukumbi. Hilo lina ukweli wake: siku ile besi ilikuwa kama ya mkesha wa harusi. Ili nijiridhishe, nikamwita mjukuu. Sikumwambia ninatafuta nini. Nikamvika hedifoni, nikacheza mshororo, nikamwuliza, "Amesema nini hapa?"

"Sauti bila thamani," akajibu.

Nikaizima programu kabisa, vijiti vyote vikarudi sifuri, nikacheza tena. "Na sasa?"

"Thamani ile ile, Babu," akasema. "Kwani umebadilisha nini?"

Sikumjibu. Nilikaa nikiitazama simu mpaka kioo chake kikazimika chenyewe.

Wiki iliyofuata nilikwenda hospitali kupima masikio. Ulikuwa ukumbusho mzuri wa maisha ya mtahiniwa. Waliniweka katika chumba kidogo kisichopenya kelele, wakanivika hedifoni, wakanipa kitufe cha kubonyeza kila niliposikia mlio. Milio ilianzia chini, kwenye 250, ikapanda hadi 8000. Mwanzoni nilibonyeza kwa kujiamini. Halafu pakatulia sana. Nikadhani mtaalamu amekwenda kunywa chai. Alipotoka na karatasi niliona mstari uliokwenda tambarare kama barabara ya bandarini, kisha baada ya 2000 ukateremka kama njia ya kushuka Lushoto.

Alinieleza kwa upole. Ndani ya sikio pana kiungo kilichojipinda kama konokono, nacho kina vinyweleo vidogo vinavyopokea mitetemo. Vinavyopokea sauti za juu vimekaa mlangoni, vya sauti za chini vimekaa ndani kabisa. Umri na kelele huharibu vya mlangoni kwanza, na kwa mwanadamu havioti upya. Kwa hiyo mzee husema, "Ninasikia, lakini sielewi," na watu wa nyumbani humdhania mkaidi. Nilijiona humo moja kwa moja. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawafumbui vinywa wanaposema.

Hata hivyo, palibaki swali ambalo mtaalamu hakuweza kunijibu, maana si la hospitali. Kama sikio langu halikupata mluzi wowote siku ile, wala wa s wala pumzi ya th, basi lilikuwa limeletewa neno lenye pengo mwanzoni: "...amani". Ni nani aliyelijaza pengo hilo kwa s? Sikio halikusema "samani". Sikio lilisema "sijui". Aliyesema "samani" ni mimi, kwa sababu nilimwona binti mdogo, nikakumbuka makosa ya darasa baada ya darasa, nikaamua kosa lake kabla hajalitenda. Nilikuwa nimezoea kulisikia kosa lile hata nikawa nalisikia pasipokuwapo. Wahenga walisema sikio halipiti kichwa. Siku zote nililichukulia kuwa ni neno la adabu, mdogo asimtangulie mkubwa. Sasa naona lina upande mwingine: kichwa kikishaamua, sikio halina kura.

Jambo hilo limenikosesha raha kuliko ile karatasi ya hospitali. Kuzeeka ni haki ya kila aliyejaliwa umri. Lakini nimekuwa mtahini wa masimulizi na ngonjera kwa miaka mingi, na sijui mstari ule ulianza kuteremka lini. Imla hainitishi, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa nikisoma na wao wakiandika, maandishi yapo. Kinachonitisha ni wale waliosimama mbele yangu wakasema, nami nikaandika alama kwa sauti iliyokwisha kupita. Hao hawana rekodi.

Hapa niseme neno juu ya istilahi, kwa kuwa najua wasomaji wa ukurasa huu watanidai. Kifaa hiki tukiiteje? Vijana husema ikwalaiza, nami sina ugomvi nao. Mimi nimechagua kusema kisawazishi. Mwanzoni jina hilo lilinikera, kwa kuwa sikuona usawa wowote: chombo kinachopandisha hiki na kushusha kile kinavuruga usawa, hakisawazishi. Lakini jina lake la kigeni lina historia. Mafundi wa simu ndio waliolianzisha. Sauti ikisafiri mbali katika waya, ngazi za juu hufifia zaidi ya za chini; mafundi wakaweka kifaa cha kuzirudishia ngazi hizo kile zilichopoteza njiani, ili sauti imfikie msikilizaji ikiwa sawa na ilivyotoka kinywani mwa msemaji. Kusawazisha, kwa maana hiyo, ni kurejesha haki ya kilichopunjwa. Sidhani kwamba tutapata neno linalofaa zaidi. Na katika kisa changu waya mrefu ulikuwa ni miaka yangu mwenyewe.

Kwa wenzangu wanaorekodi au kusikiliza mashairi katika simu, nimejifunza machache ambayo nayatoa kwa unyenyekevu. Kwanza, punguza kabla hujaongeza. Ukivipandisha vijiti vyote hujasawazisha chochote. Umeongeza sauti tu, na ikizidi uwezo wa simu inakatika vilele na kuanza kukwaruza. Mara nyingi neno hutoka si kwa kulipandisha lenyewe, bali kwa kumshusha aliyekaa mbele yake. Mhariri mzuri wa mashairi analijua hilo. Pili, kanda za zamani zina mvumo wa upepo, nao umekaa huko huko juu kwenye konsonanti. Ukipandisha kimoja umepandisha na kingine, basi panda kwa kiasi. Tatu, msidai kisichokuwamo. Santuri ambazo Siti binti Saad alikwenda kuzirekodi Bombay mwaka 1928 hazikubeba besi nzito kama za leo, na programu yoyote inayokuahidi kuziongezea besi itakuongezea mngurumo wa santuri tu. Nne, tuwaonye wajukuu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyozidi ndivyo saa zinavyopungua upesi. Besi ina hila yake: haiumizi sikio kama sauti kali, kwa hiyo mtu huiongeza bila kusita, na kila kitu kingine hupanda nayo. Mjukuu wangu nimemwonyesha ile karatasi yangu ya hospitali. Aliitazama kwa muda, kisha akashusha sauti, walau mbele yangu.

Nirudi kwa yule binti. Nilipata namba yake kwa katibu. Nilitaka kumtumia ujumbe wa sauti, nikaona ni kejeli, nikaandika. Nilimwambia kwamba nimeisikiliza upya rekodi, kwamba alitamka "thamani" kama inavyotakiwa kutamkwa, kwamba kosa lilikuwa la sikio langu na, zaidi ya sikio, la dhana yangu juu yake. Nilimwomba radhi, na radhi niliiandika kwa dh.

Alijibu baada ya siku mbili. "Shikamoo, Mwalimu," aliandika. "Nilijua kwamba nilisema thamani. Lakini wewe ni Mwalimu. Nilipofika nyumbani nilijirekodi nikisema neno hilo mara nyingi sana, mwishowe hata mimi nikawa silisikii sawasawa. Kwa hiyo nimelitoa."

Akaniambatishia ubeti mpya. Palipokuwa na "Sauti bila thamani" sasa pana "Sauti bila faida". Mizani ni ile ile, nane kwa nane. Lakini nyie washairi mnajua maana yake: kina cha kati kimeondoka kwenye -ni kikaenda kwenye -da, na kwa kuwa kimeondoka huku, mishororo mingine miwili nayo imebidi ivunjwe na kuundwa upya ili impokee mgeni. Alikuwa ameubomoa ubeti mzima kwa ajili ya kosa ambalo halikuwapo. Ubeti mpya haukuwa na kilema. Vina vilikaa, maana ilifuatana. Lakini faida ni neno la dukani, na lile debe tupu, lililokuwa limesimama dhidi ya thamani, sasa lilisimama dhidi ya hesabu ya mauzo. Nilimwandikia hivyo, nikamsihi aurudishe ubeti wa kwanza.

"Nitakuja na zote mbili Jumamosi," akajibu. "Ila Mwalimu, naomba safari hii usikae nyuma."

Nimekubali. Nimekwenda pia ukumbini kuzungumza na kijana anayesimamia spika, nikamwomba atupunguzie besi kwa muda wa kikao, na sehemu ya juu aipandishe kidogo. Alinitazama kama niliyemwambia apike pilau bila viungo. "Mzee," akasema, "besi ndiyo utamu wenyewe." Nikamwambia ni kweli, na usiku wa harusi airudishe yote. Kisha nikamwonyesha katika simu yangu mahali vijiti vinapotakiwa kukaa. Programu ilikuwa imeniuliza mpangilio huu niuhifadhi kwa jina gani, kwa kuwa majina ya Rock na Jazz yalikwisha kuchukuliwa. Niliandika: Shairi.